Mzee si Ghala la Mambo ya Kale

Wahenga walisema utu uzima dawa. Lakini mara nyingi tunamchukulia mzee kama ghala: tunakwenda kuchota ya kale, basi. Filamu ya Andy Jones, As Old as My Tongue (2006), inatusaidia kufikiri zaidi. Inasimulia maisha ya Bi Kidude wa Zanzibar, mwimbaji wa taarabu na mpiga ngoma ya unyago aliyefariki mwaka 2013.

Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad, lakini hakuzirudia kama kasuku. Alizitia sauti yake mwenyewe. Katika unyago aliwafunda wasichana. Kwa hiyo ubunifu kwake haukuwa burudani ya kupitishia uzee. Ulikuwa kazi, na ulimpa nafasi katika jamii.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kichwa cha filamu. Kinatanguliza umri, na mtazamaji anaweza kuishia kushangaa tu kwamba bibi kizee bado anaimba. Swali kubwa ni: anaimba nini, na anamwambia nani?

Nyumbani Uganda, bibi yangu husuka mikeka huku akinisimulia hadithi za Sungura. Zamani nilimkosoa kila alipobadilisha mwisho, nikidhani amesahau. Baada ya kutazama filamu hii nilimwuliza, “Bibi, mbona leo Sungura ameshindwa?” Akaweka ukindu chini, akanieleza. Alikuwa anazungumzia mambo ya mwaka huu, si ya kale.