Nyumba ya Chipembele: Ni Nani Aliijenga?

Kila mutu aliyejenga huku kwetu anajua: nyumba isiyokaa watu inakufa upesi. Mchwa unaingia katika mbao, mvua inapita katika bati, na nyuma ya miaka michache kunabaki kuta tu. Njo maana tunataka kuangalia nyumba moja ya wakati wa ukoloni iliyopona, na kuuliza imepona namna gani. Haiko ya Lubumbashi. Iko ng’ambo, kaskazini ya Zambia, karibu na ziwa Shiwa Ng’andu. Lakini historia yake inaanzia kwenye mpaka wetu.

Stewart Gore-Browne, mwanajeshi Mwingereza aliyezaliwa 1883, alikuja huku katika tume ya Waingereza na Wabelgiji iliyopima mpaka wa Katanga na Rodezia ya Kaskazini, tangu 1911 mpaka 1914. Walikuwa wanatia alama kwenye mustari uliokwisha kupatanwa Ulaya, mustari ulioacha Wabemba na Walamba huku na huku. Kazi ilipoisha, aliona lile ziwa. Akarudi 1920, akapata shamba kubwa, akajenga nyumba ya ghorofa mfano wa nyumba za mabwana wa kwao, na kanisa dogo na maktaba. Wabemba wakamwita Chipembele, maana yake kifaru.

Mutu huyu haiko mwepesi kumhukumu. Katika baraza la kutunga sheria alisemea haki za Waafrika, na mwaka 1962 alisimama katika uchaguzi upande wa chama cha Kenneth Kaunda. Alipokufa 1967, Kaunda mwenyewe alikuja kumzika, kwa heshima ya taifa. Lakini ni yeye huyohuyo aliyekuwa na hasira kali, na wafanyakazi wake walionja fimbo.

Mwaka 1999 Mwingereza Christina Lamb alitoa kitabu juu yake, The Africa House. Tunakisifu: kinasomeka kama hadithi, na ile fimbo hakikuificha. Tatizo letu ni lingine. Kitabu kimesimama zaidi juu ya barua na daftari za bwana. Basi mwashi na mpagazi tunawaona kwa macho ya bwana tu. Ndani ya kitabu, Chipembele anajenga. Kumbe waliofinyanga na kuchoma matofali ni nani? Ni nani waliobeba vitu toka kituo cha reli cha Ndola, wakavuka maji ya Bangweulu kwa mitumbwi na mizigo? Hata jina la kitabu lenyewe linasema “Afrika”, na Waafrika wenyewe wamebaki mlangoni.

Nyumba nayo ina mtindo uleule. Shamba lilikuwa linaishi kwa mafuta ya manukato ya machungwa na ndimu. Katika miaka ya 1950 ugonjwa uliua michungwa, na nyuma ya kifo cha mwenyewe nyumba ikaanza kuchakaa. Tangu 2001 wajukuu wake waliitengeneza, wakaanza kupokea wageni wa kulala kwa malipo. Hapo hatuna neno baya. Feza ya mgeni njo inayonunua kigae na kulipa fundi, na kuishi ndani ya nyumba njo dawa ya kwanza ya nyumba. Lakini mgeni analala katika chumba cha bwana, anasoma vitabu vya bwana, anaonyeshwa picha za bwana. Juu ya moto wa maktaba kuko maneno ya Kilatini ya mshairi Horatius, yanayosifu pembe moja ya dunia inayomchekea. Ni maneno mazuri. Tungependa kuona, ukutani palepale, majina ya waashi, maseremala na wapagazi. Kutunza nyumba haiko kupaka rangi tu. Ni kutunza pia habari yake yote.

Tunasema hivi juu ya jirani sababu shida ni yetu pia. Lubumbashi, mji uliozaliwa 1910, nyumba za zamani zinabomolewa ama zinageuzwa kila siku. Tunapowauliza wanafunzi wetu nani alizijenga, jibu ni moja: “Wazungu.” Mwaka mumoja tulimrudisha mtoto nyumbani na ulizo hilo. Asubuhi alirudi na kusema: “Mwalimu, baba mkubwa anasema alichanganya simenti ya ile nyumba ya kona.” Darasa lote likanyamaza. Nyumba ile tulikuwa tunapita mbele yake kila siku.

Wazee hawa wanaisha. Atakayefungua nyumba ya wageni kesho katika kuta hizi, apake rangi, sawa. Lakini mbele ya yote aende kuwauliza, na kalamu mkononi. Na sisi walimu tutangulie.