Milimita 27.46: Lenzi ya Zenit kwenye kamera ya leo

Nilisimama Kivukoni, Dar es Salaam, nikapiga picha za pantoni likija kutoka Kigamboni. Kamera ilikuwa Sony α7. Lenzi ilikuwa Helios 44-2, iliyotengenezwa Muungano wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za filamu za Zenit. Kila picha ilitoka na ukungu mwembamba. Nilizungusha pete ya fokasi mpaka ikagota kwenye alama ya nane iliyolala, yaani umbali usio na mwisho, bado pantoni halikukaa sawa. Nikageuka nikampiga picha muuza kahawa aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu: kope zake zilihesabika.

Lenzi basi ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye adapta inayounganisha lenzi na kamera, na nilipoipima kwa kalipa nililikuta: milimita 27.58. Ilitakiwa kuwa 27.46.

Namba hiyo inatoka hapa. Kila lenzi hubuniwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu. Kwa lenzi za hesi ya M42 kama Helios hii, yaani zile zinazofungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, zenye kipenyo cha milimita 42 na hatua ya milimita 1 kwa kila mzunguko, umbali huo ni milimita 45.46. Ulikuwa mrefu kwa sababu ndani ya kamera palikuwa na kioo cha kuipeleka picha juu kwenye kitundu cha kutazamia, na kioo hicho kilihitaji nafasi ya kunyanyuka kila unapobonyeza. Mwaka 2008 Panasonic walitoa G1, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo hicho, na wengine wakafuata. Kwenye kamera za Sony za aina hii, kutoka mahali lenzi inapokalia hadi kwenye sensa, inayochukua nafasi ya filamu, ni milimita 18 tu. Toa 18 kwenye 45.46, unabaki na 27.46. Adapta ni bomba la kuziba pengo hilo. Halina kioo wala umeme, na kazi yake yote ni unene wake.

Sasa tazama kosa la milimita 0.12 linavyofanya kazi. Lenzi inapokaa mbali na sensa kuliko inavyotakiwa, hupoteza uwezo wa kuona mbali, na hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa fokasi, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa kosa. Helios ni ya milimita 58. Hamsini na nane mara hamsini na nane ni 3,364. Gawa kwa 0.12, unapata kama milimita 28,000. Maana yake, kitu chochote kilicho zaidi ya mita 28 hakiwezi kukaa kwenye fokasi hata ukizungusha pete kwa nguvu zako zote. Muuza kahawa alikuwa ndani ya mita hizo, pantoni lilikuwa nje. Lenzi za pembe pana huumia zaidi: lenzi ya milimita 28 yenye kosa la milimita 0.1 tu hukwama chini ya mita 8.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nimwambie mwenye kamera ya Nikon ya kioo asihangaike na M42. Kamera hizo zina umbali wa milimita 46.5, kwa hiyo hata kabla ya kuweka adapta lenzi imeshakaa mbali kupita kiasi kwa milimita 1.04. Helios itaishia mita 3 na kitu. Ziko adapta zenye kikioo cha kurekebisha upungufu huo, lakini kikioo kinapunguza ukali wa picha, na ukali ndio uliokufanya uitafute lenzi.

Adapta yangu ilikuwa ya vipande viwili, bomba la aluminiamu na bamba la chuma, vilivyoshikwa kwa skrubu ndogo. Nilizifungua kwa bisibisi ya saa, nikabandika msasa namba 600 juu ya kioo cha dirisha, nikalisugua bomba taratibu kwa mwendo wa umbo la nane ili lisiliwe upande mmoja. Kila baada ya misuguo kumi nilipima sehemu nne. Uvumilivu unahitajika mno hapa, maana bomba likiinama, upande mmoja wa picha utakosa fokasi. Niliacha kwenye 27.44, chini kidogo ya kipimo kwa makusudi, ili fokasi ya mbali ipatikane kabla pete haijagota. Kisha nikafuta vumbi lote la aluminiamu. Chembe moja ikifika kwenye sensa ni hasara.

Nikiwa nimeifungua, nikaona jambo la pili. Ukuta wa ndani ulikuwa unang'aa. Mwanga wa pembeni ukiingia pale hugonga ukuta na kumwagika kwenye sensa, na weusi wa picha hugeuka kijivu. Watu wengi huisingizia lenzi kwamba imechoka. Niliupaka rangi nyeusi isiyong'aa, na picha za jua la jioni zikarudisha rangi zake.

Upande wa kamera ni mwepesi. Ruhusu kupiga bila lenzi, maana kamera haiitambui. Weka hali ya A, ichague spidi yenyewe. Helios 44-2 ina pete mbili za tundu la mwanga: ya mbele inaweka kikomo, ya nyuma inafungua na kufunga bila kukwama. Tafuta fokasi kwenye f/2 ukiwa umekuza picha kwenye skrini, kisha funga mpaka kikomo ulichoweka. Helios za baadaye, za kundi la 44M, zina pini nyuma, na baadhi hubaki wazi muda wote kama adapta haina ukingo wa kuibonyeza. Uliza kabla ya kulipa.

Na kwa nini mtu asumbuke hivi? Usanifu wa Helios ulitokana na lenzi ya Biotar ya kampuni ya Carl Zeiss ya Jena, vioo sita katika makundi manne. Mpige picha mtu kwenye f/2 akiwa mita moja na nusu, nyuma yake pawe na majani ya mwembe yanayopenyeza jua. Vidoa vya mwanga vya katikati vitakuwa duara. Kadiri vinavyokwenda pembeni vinabanwa kama jicho la paka, mpaka majani yote yanaonekana kumzunguka. Kwenye sensa ndogo ya APS-C pembeni hukatwa na mzunguko huo hupungua sana, kwa hiyo tafuta sensa ya milimita 36 kwa 24 kama huo ndio unaoutaka.

Ukitaka kununua, mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Kwa unyevu wa pwani yetu, kuvu huota ndani ya vioo kama utando wa buibui, na huko ndani hakufikiki kwa kitambaa. Na kama nyumbani ipo kamera ya mzee iliyofungiwa kabatini, itoe wiki hii uitazame. Yashica Electro 35 lenzi yake haitoki. Ikiwa ni Zenit, zungusha kinyume cha saa.