Jumatatu Nzima Nairobi: Hesabu ya Treni kwa Mtu wa Mpakani

Malaba ina reli lakini haina treni ya abiria. Mabehewa yanayopita pale hubeba makontena na mafuta ya Uganda. Treni ya watu kati ya Nairobi na Kampala ilikoma miaka ya 1990, na tangu hapo stesheni imebaki ya mizigo na forodha. Busia haina hata hiyo reli. Kwa hiyo mtu wa huku akitangaza kwamba anakwenda Nairobi kwa treni, amalize shughuli zake kwa siku moja na kurudi, wa kwanza kumcheka ni makanga wa steji. Lakini safari hiyo inawezekana, na kwa aina fulani ya shughuli inalishinda basi.

Treni yenyewe ni ya Kisumu. Ilifufuliwa Desemba 2021, baada ya kipande cha kilomita 217 kati ya Nakuru na Kisumu kukarabatiwa kwenye reli ile ile ya kale, yenye upana wa mita moja. Ratiba yake ya kawaida ni fupi mno. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni inaondoka Nairobi na kulala njiani. Jumapili, saa kama hiyo, inaondoka Kisumu na kuingia Nairobi Jumatatu asubuhi, yapata saa kumi na mbili na nusu. Aliyeipanga alimfikiria mfanyakazi wa Nairobi anayekwenda nyumbani wikendi, aketi na wazazi au ahudhurie mazishi, kisha Jumatatu awe kazini. Mtu wa Busia hakuwemo kwenye hesabu hiyo. Hata hivyo ndiye anayeweza kufaidi zaidi ile treni ya Jumapili, kwa sababu inamshusha katikati ya jiji siku ya kazi, kabla ofisi hazijafunguliwa, bila kulipia chumba.

Tuwe wakweli: wengi wanaotoka huku kwenda Nairobi kwa siku moja hawaendi kutalii. Mmoja ana mahojiano ya viza ubalozini, mwingine ana kliniki Hospitali ya Kenyatta, mwingine kesi mahakama ya Milimani, mwalimu ana faili lililokwama TSC kule Upper Hill, mfanyabiashara anataka bidhaa za Kamukunji au Eastleigh. Shughuli hizi zote zinamtaka mtu awe mlangoni saa mbili asubuhi, ameamka vizuri, nguo hazijakunjamana.

Sasa tazama basi la usiku linavyofanya. Likitoka Busia saa moja jioni na njia ikiwa nyeupe, linaingia Nairobi saa kumi au kumi na moja alfajiri. Kwa dereva hiyo ni sifa. Kwa abiria ni saa mbaya kuliko zote: nje kuna giza, River Road si mahali pa kutembea na mkoba, na kinachobaki ni kukaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya ofisi ya basi, mkoba umekumbatiwa, kusubiri kuche. Zile saa zilizookolewa barabarani zinaliwa papo hapo, na tena zinaliwa macho wazi.

Treni haina haraka hiyo. Kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa reli ni kama kilomita 400, na saa zake ni kumi na mbili. Wastani wake basi ni kilomita 33 hivi kwa saa. Sababu iko ardhini. Njia hii ni ile iliyofika ziwani Desemba 1901, na kwa anayekwenda Nairobi reli inatoka kwenye ufuo ulio kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, inapanda Mau kupita mita 2,500, inateremka Bonde la Ufa, kisha inapanda tena hadi Limuru ndipo iingie Nairobi. Kwa injini yenye mzigo, mpando wa kutoka Kibigori kwenda Londiani hauna njia ya mkato. Reli inapinda, inarudi, inapinda tena. Hakuna ukarabati wa kubadilisha mataruma na kuziba mashimo ya tuta utakaoufuta mlima huo.

Ila polepole hiyo ndiyo inayotufaa. Safari ya saa nane ingekumwaga jijini saa nane na nusu usiku. Ya saa kumi na mbili inakushusha jua likichomoza. Anayepanga safari ya siku moja hupenda kuuliza chombo kipi kina kasi, na hapo ndipo hesabu inapopinda. Swali la maana ni saa ya kushuka, na kama zile saa za katikati unaweza kuzilala.

Kuhusu kulala, nisiipambe. Viti vya daraja la kawaida havilali. Nauli ilipotangazwa 2021 ilikuwa shilingi 600 kwa daraja hilo na 2,000 kwa daraja la kwanza, na tofauti yake utaipima kwa shingo. Kubwa zaidi ni baridi. Unapanda Kisumu umevaa shati jepesi, jasho la ziwani bado liko mgongoni. Ikifika usiku wa manane uko Londiani au Molo, na shati hilo hilo halina maana tena. Sweta na leso nzito ni sehemu ya tiketi. Asiyejua hilo utamwona kwenye giza la behewa amejifunika gazeti.

Kiungo dhaifu cha mpango mzima ni matatu ya kwanza. Busia hadi Kisumu ni zaidi kidogo ya kilomita 110, kupitia Bumala, Ugunja, Yala, Luanda, Maseno na Kisian, na kwa siku nzuri ni saa mbili na nusu. Jumapili si siku nzuri kila wakati. Asubuhi gari halijai kwa sababu abiria wako kanisani. Alasiri linajaa kupita kiasi kwa sababu wote wameamua kurudi kazini na vyuoni kwa mara moja. Ukiondoka Busia saa saba mchana unafika Kisumu ukiwa na zaidi ya saa mbili mkononi, na huo si muda wa kupoteza bali ndio bima yako. Atakayengoja saa tisa anacheza kamari, kwa kuwa treni hii ikimwacha, inayofuata ni ya wiki ijayo. Kutoka stendi kuu hadi stesheni, kule chini karibu na bandari, tuktuk au nduthi inatosha.

Wa Malaba ashuke kwanza Busia kupitia Adungosi, aepuke kuzunguka Bungoma na Kakamega. Na mkazi wa ufuo wa Osieko, kule Bunyala Kusini, asihangaike na Busia kabisa: Usenge, Bondo, Kisian, yuko Kisumu.

Ukifika Nairobi, jambo la kwanza ni maji ya uso na mswaki pale pale stesheni, kabla ya foleni kurefuka. Stesheni Kuu iko mguuni mwa jiji. Moi Avenue iko mbele yako, Nyayo House ni mwendo wa miguu, na steji ya Railways iko jirani, ambako hupakia matatu za Barabara ya Ngong kama 111 na za Rongai kama 125, zinazopita Lang'ata.

Hapa kuna mtego unaowanasa wageni wanaopenda reli. Nairobi ina treni za mjini, kwenda Syokimau, Embakasi, Ruiru na Kikuyu. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012 na ikaonekana kama mwanzo mpya. Lakini zinafuata maisha ya mfanyakazi: asubuhi zinaleta watu mjini, jioni zinawarudisha. Wewe uliyeshuka katikati ya jiji asubuhi na kutaka kutoka nje unakuta karibu treni zote zinakuja unakotoka. Mchana kati hazikusaidii. Achana nazo, panda matatu.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini ahangaike na Nairobi wakati Kampala iko karibu nusu ya umbali huo. Ni kweli. Kutoka Busia ni kama kilomita 200, kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya tangu 2014, na kwa kituo cha pamoja cha mpakani unagongewa upande mmoja tu, ule unaoingia. Ukiondoka alfajiri unarudi usiku. Ila ni safari ya barabara mwanzo hadi mwisho. Treni ya abiria ya Kampala, iliyoanza Desemba 2015 kati ya mji na Namanve na kusimama zaidi ya mara moja tangu hapo, nayo ni ya wafanyakazi wa asubuhi na jioni. Gari lako litakuwa limenasa kwenye msongamano wa Mukono wakati yenyewe imeshamaliza zamu. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki mkataba wa kilomita 272 za reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Siku reli hiyo ikitandikwa na kubeba watu, safu hii itaandikwa upya.

Kurudi kutoka Nairobi ni basi, hakuna mjadala, maana treni ya kurudi Kisumu ni ya Ijumaa. Kwa mfanyabiashara hilo si hasara: anakwenda na mifuko mitupu chini ya kiti cha treni na kurudi na bidhaa kwenye buti la basi. Kwa mwenye shughuli za ofisi, basi la saa moja au mbili usiku linamwachia jioni ya kula na kupumua, na kwa kuwa anarudi kwake, kufika alfajiri hakumdhuru. Chagua kampuni yenye dereva wa pili. Mteremko wa Sachangwan na Salgaa umeua watu wengi mno kwa mtu kuangalia bei peke yake.

Mabasi ya Kampala nayo hushusha abiria mpakani, na mara nyingi ndiyo yenye viti Jumatatu usiku. Kabla ya kulipa, uliza linavukia wapi. La Busia likimshusha mtu wa Malaba saa kumi alfajiri, atangoja gari la kwanza la Adungosi. Ni heri aongeze shilingi kadhaa apande linalopita Eldoret na Bungoma, limshushe mlangoni.