Ngano za Wayunani na Swali la Ukombozi wa Mwanamke

Kada anaposoma fasihi hana budi kuuliza: hadithi hii inasimama upande wa nani? Waandishi wanawake katika nchi mbalimbali wamezisimulia upya ngano za kale za Wayunani ili wake na binti za wafalme nao wasikike. Sisi tunaofundisha siasa hapa Masuguru tunaunga mkono juhudi hizo. Lakini kumpa mwanamke sauti ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni kuuliza nani anafanya kazi na nani anamiliki mali.

Tuchukue The Penelopiad (2005) cha Margaret Atwood wa Kanada. Katika ngano ya kale, Odysseus anarudi kwake baada ya miaka 20, anawaua wanaume waliomposa mkewe Penelope, na vijakazi 12 wananyongwa. Atwood anawarudisha vijakazi hao wadai haki yao. Hilo ni jema. Hata hivyo, msimulizi mkuu ni malkia, na watumwa wanaingia kati ya sura na sura. Tabaka la chini limesikika, lakini bado halijashika usukani.

Efua Sutherland wa Ghana alikwenda mbali zaidi katika tamthilia yake Edufa (1967). Ngano yake ya asili ni ya Alcestis, mke aliyekubali kufa badala ya mumewe mfalme. Shujaa akampokonya mikononi mwa mauti, naye akarudi nyumbani kimya, bila kusema neno. Sutherland amemgeuza mfalme kuwa tajiri wa leo, anayenunua maisha yake kwa uhai wa mkewe, Ampoma. Safari hii mke hafufuki. Ni dhahiri kwamba unyonyaji wa ndani ya nyumba hauondolewi kwa miujiza.

Hapa kwetu, Penina Muhando aliandika Nguzo Mama (1982) bila kuwaazima Wayunani. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, lakini kila mmoja anavutwa na taabu zake, na nguzo haisimami. Msomaji mvivu atawalaumu wanawake hao. Sisi tunasema auchunguze mfumo unaowatenganisha.

Wazigua kwa mila walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Lakini kuhesabiwa katika ukoo si sawa na kumiliki shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7 liwe na wanawake wasiopungua 3. Basi makada na wanafunzi wazisome tamthilia hizi, kisha wahudhurie baraza na kuangalia: je, wajumbe hao watatu wanaamua pamoja na wenzao, au wamekalishwa kimya kama Alcestis aliyerudishwa?