Ngoma ya Nani? Kiziwi na Hadhira ya Fasihi Simulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumekariri tangu sekondari kwamba fasihi simulizi ni sanaa ya lugha iwasilishwayo kwa mdomo. Mdomo unasema, sikio linasikia. Fanani huyu hapa, hadhira ile pale. Hivi kweli hatujawahi kujiuliza asiyesikia yuko wapi katika fasili hii? Makala haya yanadai kwamba fasili hiyo humtoa kiziwi nje ya muziki wa jukwaani kabla hata hajafika mlangoni kukata tiketi.

Tuanze na yaliyokwisha andikwa. M. M. Mulokozi, katika “Tanzu za Fasihi Simulizi” (Mulika 21, 1989), aliitambua ngomezi, yaani fasihi ya ngoma, kuwa utanzu unaojitegemea. Maana yake ni nini? Ni kwamba mdomo si sharti. Kama ngozi ya mnyama iliyowambwa inaweza kubeba ujumbe ikaitwa fasihi, basi mikono ya mtu aimbaye kwa lugha ya alama inanyimwa jina hilo kwa hoja gani? Wahakiki tuliupokea utanzu, lakini tukaliacha swali.

Sasa tushuke Salale, kata ya delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, ninakotoka. Huko ni mikoko na mito, na safari ni ya chombo. Ngoma ya harusi inachezwa uwanjani, juu ya ardhi. Ngozi inakazwa kwa moto, watu wanazunguka, mpigaji anaonekana kuanzia mabega hadi vidole. Kiziwi akiingia katika duara hilo hapotei. Anaona mkono ukishuka, anaona viuno vikibadili mwendo, na mdundo unampanda miguuni. Si ajabu basi kwamba Kiswahili kinatumia neno moja, ngoma, kwa chombo, kwa uchezaji na kwa shughuli nzima. Wazee hawakuutenga muziki na mwili.

Linganisha na tamasha la kisasa. Jukwaa liko mbali, taa zinamulika macho ya watazamaji, kipaza sauti kimeficha mdomo wa mwimbaji. Pengine ni pleibeki tu, hata mpigaji wa kutazamwa hayupo. Kila kitu kimemiminwa ndani ya spika. Besi kweli inatetemesha kifua, lakini mtetemo bila mkono wa kuutazama ni kelele ya mwilini. Kwa hiyo teknolojia iliyokuza sauti ndiyo iliyopunguza macho.

Lakini tusije tukaimba sifa za kijijini bila kufikiri. Duara la Salale linampa kiziwi mdundo, halimpi maneno. Kejeli kwa bwana harusi, fumbo kwa jirani, dongo kwa kiongozi: vyote vinampita. Watu wakiangua kicheko, naye anacheka kwa kufuata nyuso. Mhakiki wa maudhui hapana budi akubali kwamba huyo amepewa fani akanyimwa maudhui. Hiyo ni nusu ya fasihi.

Dawa inayotajwa ni mkalimani wa lugha ya alama. Nakubali, ila kwa masharti. Kwanza, apewe mashairi mapema, asimame karibu na mwimbaji, amulikwe taa. Pili, tumhakiki kama msanii. Ushairi wa lugha ya alama una vina vyake: umbo moja la kiganja linaweza kurudiwa alama baada ya alama, kama silabi inavyorudi mwisho wa kipande. Mkalimani anayetafsiri neno kwa neno ameua wimbo, sawasawa na mfasiri mbovu wa utenzi. Tatu, na hili ndilo gumu, kiziwi wa delta ambaye hakupata shule ya viziwi huenda haijui Lugha ya Alama ya Tanzania. Ana alama za nyumbani alizozitunga na mama yake. Kwake mkalimani wa mjini ni mgeni kama mwimbaji mwenyewe. Basi shule inatangulia jukwaa.

Sheria zipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 inataja utamaduni waziwazi, pamoja na lugha za alama. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria Na. 9 ya Watu Wenye Ulemavu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilikuwapo tangu miaka ya 1980. Uingereza, mwaka 2021, mahakama iliwapa haki kina mama viziwi waliolalamikia tamasha la Little Mix la 2017: mkalimani aliwekwa kwa kundi kuu tu, wasanii wa utangulizi wakaachwa bila. Hoja ni ile ile ya Salale, kwamba nusu ya shughuli si shughuli.

Na anayedhani muziki ni mali ya masikio amtazame Evelyn Glennie wa Uskochi, mpigaji ngoma na marimba, kiziwi tangu utotoni. Hupiga pekupeku ili miguu isikie.

Tuiandike upya fasili yetu: fasihi simulizi ni sanaa ya lugha inayotendwa mbele ya hadhira. Tukiondoa neno “mdomo” hatupotezi hata utanzu mmoja. Tunaongeza watu.