Kitabu Katika Tamasha: Mgeni au Mwenyeji?

Miongoni mwa mambo yaliyoshika mizizi katika maisha yetu ya utamaduni ni tamasha la vitabu lisilotosheka na vitabu peke yake. Huitwa watunzi na wasomaji; huonyeshwa filamu iliyotokana na riwaya; hupigwa muziki; na mchana vijana hukusanywa katika warsha za uandishi. Wako wanaolishangilia jambo hili bila ya kuuliza swali lolote, na wako wanaolibeza wakisema kwamba kitabu kimefanywa kisingizio cha ngoma. Makala haya yanakusudia kuzipima hoja za pande zote mbili, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu sana mwalimu wa fasihi na mwanafunzi wake.

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja. Wanaodai kwamba kitabu ni kitu cha kusomwa kimya, na kwamba muziki unakivunjia heshima, wanaisahau historia ya fasihi yetu. Utendi wa Tambuka, ambao tunayo hati yake ya mwaka 1728, na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama aliyemuusia binti yake, zote ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono. Hata hivyo hazikufungiwa sandukuni. Zilighaniwa, na asiyejua kusoma akazipata kwa sikio. Tena si kitabu tu kilichoelekea kwenye wimbo. Wimbo nao umepata kuelekea kwenye kitabu. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake katika santuri, hakupata elimu ya shule. Lakini Shaaban Robert aliona kwamba maisha ya mwimbaji huyo yanastahili kuandikwa, akatuachia wasifu wake. Kwa hiyo kitabu na sauti ni majirani wa siku nyingi. Swali si kama wakutane, bali wakutane kwa masharti gani.

Tutazame mfano mmoja ambao wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita wanaujua, yaani Vuta N'kuvute. Riwaya hiyo ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na habari zake ni za Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kiingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi sana kwa umri. Anaitoroka ndoa hiyo, anakataliwa na jamaa zake, na kupata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo. Anakutana na Denge, kijana aliyeyatoa maisha yake kupigania uhuru, ambaye polisi wa kikoloni wanamwandama usiku na mchana. Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji aliitoa riwaya hiyo kwa njia ya filamu. Mwezi Septemba mwaka huo ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, nchini Kanada, na mwaka 2022 ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika mashindano ya tuzo za Oscar.

Filamu hiyo imepata mambo ambayo karatasi haiwezi kuyatoa. Mwanafunzi wa Bukoba au wa Sumbawanga, ambaye hajapata kuiona Forodhani, anaziona kuta za Mji Mkongwe zikiwa na chumvi ya bahari. Anakisikia Kiswahili cha Unguja kwa lafudhi yake. Anausikia muziki wa taarabu, ambao katika kitabu alilazimika kuukisia. Kwa mambo hayo filamu ni msaada mkubwa, na mwalimu anayeidharau ananyima darasa lake neema.

Lakini filamu ya muda wa saa moja na nusu hivi haina budi kuchagua, nayo imechagua kulikaza jicho juu ya mapenzi ya Yasmin na Denge na juu ya harakati zilizowaunganisha. Uchaguzi huo ni halali. Hata hivyo, ndani ya riwaya, Yasmin habadiliki kwa siku moja. Anabadilika ukurasa kwa ukurasa, kwa kuhama nyumba hadi nyumba, kwa kuaibishwa na kusaidiwa, mpaka msomaji anaelewa jinsi ukuta uliojengwa na ukoloni kati ya kabila na kabila unavyoweza kubomolewa na watu wa kawaida jikoni na uani. Aidha, kuna sauti ya msimulizi mwenyewe, mcheshi na mwenye huruma, anayetucheka kidogo huku akitusimulia. Sauti hiyo haina mwigizaji. Basi mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba filamu ni riwaya iliyofupishwa anawapotosha. Filamu ni kazi nyingine, yenye mtunzi mwingine na hoja yake, na inastahili kuhakikiwa kwa vipimo vyake.

Hapo ndipo penye hatari ya matamasha yetu. Nilipata kuhudhuria tamasha moja, katika mji ambao sitautaja, ambapo filamu iliyotokana na riwaya ilionyeshwa usiku, na watu wakajaa hata pakakosekana pa kusimama. Asubuhi yake nilikwenda kwenye meza ya mauzo. Palikuwa na fulana, kofia na picha za kubandika ukutani. Riwaya yenyewe haikuwapo hata nakala moja. Msichana mmoja wa sekondari akaniuliza kama mwisho aliouona katika filamu ndio mwisho wa kitabu, kwa kuwa mtihani wake ulikuwa umekaribia. Nikamwambia afungue kitabu aone. Akanijibu, bila ya haya wala kiburi, kwamba hajapata kukishika. Shuleni kwao walikuwa wakisoma muhtasari. Sikuwa na la kumwambia. Alikuwa amekuja katika sherehe ya kitabu kama mtu aliyealikwa arusini asimwone bibi arusi.

Sisi tuliomo katika utumishi wa umma tusiwarushie lawama wasanii peke yao. Ni rahisi kuidhinisha jukwaa, kwa kuwa jukwaa hupigwa picha. Rafu ya vitabu haina wa kuipiga picha. Wala hatuwezi kusema kwamba hatukuwa na mfano wa kuufuata. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, taifa hili lilitumia redio kuwafikia watu wapatao milioni mbili. Lakini redio haikuachwa iseme peke yake. Wananchi walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, na vijitabu vikiwa mikononi mwao. Wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sauti iliwaita watu, maandishi yakabaki nao baada ya sauti kunyamaza. Huo ndio mpango ambao tamasha la vitabu lingepaswa kuurithi.

Kuhusu warsha, nasema kwa kifupi. Nyingi hufundisha kijana namna ya kutafuta mchapishaji kabla hajafundishwa namna ya kusoma. Ushairi haufunzwi kwa hotuba. Hufunzwa kwa kuusikia, kuukariri, kuhesabu mizani yake na kuchunguza kwa nini kina hiki kimekaa na kile kimekataa. Warsha ya siku tatu inayomwezesha kijana kusoma kitabu kimoja kwa makini na kuandika ukurasa mmoja ulio safi inatosha. Na lugha ya mjadala iwe ile ya kitabu. Kukizungumzia kitabu cha Kiswahili kwa Kiingereza mbele ya Waswahili ni kumfanya mwenyeji awe mgeni nyumbani kwake.

Kwa hiyo napendekeza kanuni tatu. Kwanza, kila filamu au wimbo uliotokana na kitabu uonyeshwe pale tu ambapo kitabu chenyewe kipo, na sehemu ya fedha za tamasha inunue nakala za shule na maktaba za mahali hapo. Pili, kabla ya filamu kuanza, mtu mwenye sauti njema asome kwa sauti kurasa chache za riwaya, ili watazamaji wapate kulinganisha. Tatu, mwalimu awape wanafunzi kazi ya kupambanua: ni nini kilichobaki, ni nini kilichoachwa, na je, kilichoachwa kimebadilisha maana?

Tamasha likifuata kanuni hizo, hakuna sababu ya kuuogopa muziki wala filamu. Zumari haliharibu arusi maadamu arusi ipo. Taa za jukwaa zikizimwa na mafundi wakakunja nyaya zao, jambo la kuuliza ni moja: ni vijana wangapi waliorudi nyumbani na kitabu kwapani?