Daktari wa Kukusanya, Daktari wa Kuunda

Kitabu cha kwanza cha kufundisha Kiesperanto kiliandikwa kwa Kirusi. Kilitoka Warsaw mwezi wa Julai 1887, kijitabu chembamba kilichogharamiwa na baba wa mchumba wa mwandishi, na jina lililowekwa juu lilikuwa la kupanga: Doktoro Esperanto, yaani daktari mwenye matumaini. Mwenyewe aliitwa Ludwik Zamenhof, daktari wa macho, mzaliwa wa Białystok. Siku hizo mji huo ulikuwa chini ya Urusi, na Wapolandi, Wayahudi, Warusi na Wajerumani waliishi humo kwa kutiliana shaka. Wengi wakilinganisha Kiesperanto na Kirusi huishia kwenye ugumu: hii ngumu, hii nyepesi, basi. Mimi naona undugu, na undugu huo unamhusu hata Mhaya wa Bukoba, mkoani Kagera.

Zamenhof alisimulia katika barua kwamba akiwa bado mwanafunzi alikuwa akisoma vibao vya Kirusi mtaani. Kimoja kilisema *shveytsarskaya*, chumba cha bawabu. Kingine *konditerskaya*, duka la vitu vitamu. Mkia wa maneno yote mawili ni mmoja. Hapo akatambua kwamba mzigo wa msamiati unaweza kupunguzwa: mpe mtu mzizi na viambishi vichache, maneno mengine atayaunda mwenyewe. Tazama anavyolitengeneza neno la hospitali. *San* ni uzima. *Mal* hugeuza maana iwe kinyume. *Ul* ni mtu, *ej* ni mahali, *o* ya mwisho inatangaza kuwa hili ni jina. *Malsanulejo*: mahali pa watu wasio wazima. Sisi ambao kutoka *pika* tunapata mpishi, mapishi, pikia na pikika, hatuna la kushangaa hapo. Mkazo wake huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Irabu ni tano, kama zetu. Kila herufi ina sauti yake moja. Mkazi wa Rwamishenye, Bukoba, anaweza kuusoma ukurasa wa Kiesperanto kwa sauti jioni ya kwanza, na Mwesperanto aliyeko Japani akamwelewa kabla yeye mwenyewe hajaelewa anachosoma.

Kanuni za Zamenhof zilikuwa 16. Ninachomsifia zaidi ni kwamba hakutosheka nazo, akaipima kazi yake. Mwaka 1894 alichapisha tafsiri yake ya Hamlet, aone kama lugha iliyoungwa mezani inaweza kubeba hasira, wazimu na mazungumzo ya wachimba kaburi. Kisha mwaka 1905, kwenye mkutano mkuu wa kwanza wa Waesperanto huko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, likapitishwa tamko kwamba lugha hii haina mwenyewe, na mwundaji wake ameachia haki zote juu yake. Ni wachache wanaotengeneza kitu kwa miaka mingi kisha wakakiachia watu wakiwa bado hai na wenye nguvu.

Kirusi hakikuundwa na mtu. Kina hali sita za majina na jinsia tatu, na mkazo wake hautabiriki: ukiuweka mwanzoni mwa *zamok* umesema ngome, ukiuhamishia mwishoni umesema kufuli, na vitabu vya kawaida havikuonyeshi ni ipi. Kwa Mhaya hilo si geni. Kihaya kina toni, na maandishi yake ya kawaida hayaziwekei alama; aliyekulia nje ya Kagera akishika kitabu cha sala cha Kihaya husoma herufi zote sawasawa na bado wazee wakatazamana. Kuhusu zile hali sita, waliopitia Seminari ya Rubya, wilayani Muleba, wakakaririshwa Kilatini na majina yake yanayobadili mikia kila yanapobadili kazi katika sentensi, wangemwelewa mwalimu wa Kirusi mapema kuliko wengi wetu.

Lakini mahali ninapopenda kukaa ni hapa. Chukua safari ya kutoka Muleba kwenda sokoni Bukoba. Kiswahili kinasema anakwenda, inatosha. Mrusi hawezi kufungua kinywa kabla hajaamua: anakwenda kwa miguu au amepanda gari? Yuko njiani kuelekea huko sasa, au ni mazoea yake kila Jumamosi? *Idti*, *khodit*, *yekhat*, *yezdit*: vitenzi vinne kwa barabara ileile. Kiesperanto kinamaliza na *iri*: *iras* anakwenda, *iris* alikwenda, *iros* atakwenda. Sasa geukia Kihaya. Tulifunga mzigo lini? Kama ni leo, *twakoma*. Kama ni jana, *tukomile*. Kama ni kabla ya jana, *tukakoma*. Mrusi aliyeichambua njia kwa makini hivyo, kitenzi chake hakimwambii kama jambo lilitokea leo au juzi. Mhaya hawezi kusimulia lililopita bila kukuwekea siku yake. Hakuna kamati iliyoketi kuamua haya. Ni vizazi vya wasemaji, kila kimoja kikaona kuna tofauti inayostahili kutajwa, kikairithisha.

Ndiyo maana namweka daktari mwingine juu ya Zamenhof, ingawa nampenda Zamenhof. Vladimir Dal alisomea udaktari, akatumika jeshini, na mwaka 1837 alikuwa kando ya mshairi Pushkin alipokuwa akikata roho. Tangu mwaka 1819 alikuwa akiandika maneno ya Kirusi aliyoyasikia. Inasimuliwa kwamba alianza akiwa kijana safarini kwenye theluji: mwendesha farasi alitazama mbingu, akasema neno la kijijini la kutanda kwa mawingu, na Dal akatoa daftari. Hakulifunga tena kwa miongo kadhaa. Kamusi yake ilitoka kati ya 1863 na 1866, maneno yapatayo 200,000, mengi yakiwa yametoka kwa wakulima, mafundi na askari. Zamenhof alihitaji akili kali na meza. Dal alihitaji masikio, na unyenyekevu wa kumfanya mwendesha farasi kuwa mwalimu wake.

Mwezi wa Agosti 2024 Waesperanto wa dunia walikutana Arusha, mara ya kwanza kwa mkutano wao mkuu kufanyika Afrika, na nilifurahi kwamba nchi iliyowakaribisha ni yetu. Nchi yenye lugha zaidi ya 100 inaelewa kwa nini mtu atamani lugha ya kuwakutanisha watu. Sisi tunayo ya kwetu tayari. Tunachopungukiwa ni akina Dal.

Si kwamba hawapo. Mwaka 1977 Ernest Byarushengo, pamoja na Alessandro Duranti na Larry Hyman, walihariri kitabu kizima kuhusu muundo wa Kihaya. Mwaka 2000 Mjapani Shigeki Kaji alichapisha msamiati wa Kihaya. Henry Muzale alizichambua nyakati za Kihaya na ndugu zake katika tasnifu ya 1998, na Mugyabuso Mulokozi alikuwa ameshazikusanya tendi za enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya. Kazi hizi ziko kwenye rafu za vyuo vikuu, na mwalimu wa shule ya msingi Kamachumu hajaziona. Nakala zingefaa kuwekwa Muleba na Bukoba, na jingine lingefaa kuanza sambamba: kwenda na kinasa sauti kwa wavuvi wa Kemondo na kwa mabibi wa Ihangiro na Kiziba, kuuliza majina ya pepo za ziwani, ya aina za migomba, ya hatua za kuandaa rubisi, yaani pombe ya ndizi, na kuandika kila neno pamoja na toni yake na jina la kijiji lilikosikika, kwa sababu watu wa Ihangiro na wa Kiziba hawasemi sawa.